H. pylori na saratani ya tumbo: maswali na majibu

Saratani ya tumbo husababishwa na nini?

Kwa wagonjwa walio wengi, chanzo ni kuishi miaka mingi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, yuleyule anayeleta vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara huko Perth, Australia, mwaka 1982. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Ushahidi mzito ulitoka Japani mwaka 2001: watu 1,526 walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 8. Kati ya 1,246 waliokuwa na bakteria, 36 walipata saratani. Kati ya 280 wasiokuwa naye, hakupata hata mmoja.

Tumbo lina tindikali kali. Anaponaje humo?

Hutoa kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huvunja urea na kuzalisha amonia; amonia hiyo huizimua tindikali inayomzunguka. Kisha hupenya ute mzito na kukaa jirani kabisa na seli za ukuta wa tumbo. Aina hatari zaidi ni zile zenye protini ya CagA. Hizo huidunga seli kwa kitu mfano wa sindano na kuingiza protini hiyo ndani, nayo huvuruga amri za seli kukua na kulegeza mshikamano wake na jirani zake.

Mbona watu wengi wana H. pylori na hawapati saratani?

Kwa sababu njia ni ndefu na wengi hawaimalizi. Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia kutoka Kolombia, ndiye aliyezieleza hatua zake. Kwanza utando wa ndani huvimba na kubaki hivyo miaka na miaka. Tezi zinazotoa tindikali hunyauka. Seli za tumbo hubadilika zikafanana na za utumbo, baadaye huanza kupoteza umbo la kawaida, na mwisho ni saratani. Yote hayo huchukua miongo, na maambukizi yenyewe mara nyingi hupatikana utotoni. Sigara, chumvi nyingi na vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi huharakisha mwendo huo, vivyo hivyo jeni za mtu na aina ya bakteria aliyempata.

Je, saratani zote za tumbo ni za namna moja?

Hapana. Ipo inayojenga tezi zinazofanana na za utumbo, na hiyo ndiyo inayofuata hatua za Correa. Ipo nyingine ambayo seli zake hutawanyika mojamoja ndani ya ukuta wa tumbo, mara nyingi kwa sababu zimepoteza E-kadherini, protini inayozishikamanisha. Hii ya pili inatisha zaidi, maana kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni inaweza kupita juu yake isione kidonda chochote. Mwaka 1998 kasoro ya CDH1, jeni inayoagiza kutengenezwa kwa E-kadherini, ilipatikana katika ukoo wa Wamaori wa New Zealand uliokuwa ukipoteza vijana kwa ugonjwa huo. Ukoo wenye wagonjwa kadhaa wa namna hii unastahili ushauri wa kijenetiki.

Uchunguzi wa uvimbe 295 uliochapishwa mwaka 2014 uliigawa saratani hii katika makundi 4. Moja, karibu asilimia 9, lina kirusi cha Epstein-Barr, kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 katika sampuli za saratani ya Burkitt zilizotoka Uganda.

Nikitibu bakteria, hatari inakwisha?

Inapungua sana, haikwishi. Huko Linqu, China, mwaka 1995 watu walipewa omeprazole, dawa ya kupunguza tindikali, na antibayotiki ya amoxicillin kwa wiki 2 tu. Miaka 22 baadaye, saratani kwao ilikuwa karibu nusu ya ile ya wasiotibiwa. Faida ni kubwa zaidi kabla seli hazijabadilika. Aliyekwisha kunyauka tezi sehemu kubwa ya tumbo arudiwe kuangaliwa kwa kamera kila miaka 3, hata baada ya kupona maambukizi.

Kipimo kipi ni cha kuaminika?

Cha kinyesi kinachotafuta antijeni, yaani protini za bakteria mwenyewe, au cha pumzi baada ya kunywa urea maalumu. Kipimo cha damu cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, hakifai kuthibitisha kupona: kingamwili hubaki mwilini muda mrefu, hivyo aliyepona huambiwa bado anaumwa na kurudishiwa dawa bure. Kosa la pili ni kupima huku unatumia dawa. Omeprazole na jamii yake isimamishwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4. La sivyo bakteria hupungua kwa muda na jibu huja hasi la uongo.

Dawa zinatumiwaje?

Mpango mmoja unaotumika sana ni wa siku 14: omeprazole, bismuth, tetracycline na metronidazole, kwa dozi atakayoandika daktari. Tetracycline haifai kwa wajawazito na watoto wadogo. Bismuth hufanya kinyesi kiwe cheusi, na hilo si hatari. Kuacha siku ya sita kwa sababu maumivu yametulia ndiko kunakozaa usugu wa bakteria kwa dawa. Pima tena wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza.

Nani aende moja kwa moja kwenye kamera?

Anayepungua uzito bila sababu, anayetapika mara kwa mara au kutapika damu, anayekwamwa na chakula, mwenye upungufu wa damu, au anayepata choo cheusi kama lami bila kutumia bismuth wala vidonge vya madini ya chuma. Kidonda kikionekana, vipande vidogo vya nyama vya kupimwa maabara vichukuliwe zaidi ya kimoja kutoka kingo zake, na kamera irudiwe baada ya wiki 8 hivi hata kama mgonjwa anajisikia vizuri: saratani changa huweza kuonekana kama kidonda cha kawaida, na omeprazole inaweza kukifanya kipone juujuu wakati ugonjwa unaendelea chini.