Pirolisisi: kinachotokea kwa gogo ndani ya tanuri la mkaa

Pirolisisi ni kuvunjwavunjwa kwa mmea na joto mahali pasipo na hewa ya kutosha kuuteketeza. Tanuri la udongo la mchoma mkaa hufanya kazi hiyo hiyo.

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Sehemu kubwa iliyobaki ni oksijeni, na hidrojeni asilimia 6 hivi. Zote zimefungamana ndani ya viambata vitatu vinavyoujenga mti, yaani hemiselulosi, selulosi na lignini, na kila kimoja kina joto lake la kuvunjika.

Maji hutangulia. Yasipokwisha, joto la gogo halipandi sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, na tanuri hulazimika kula kuni zake lenyewe ili kuyakausha. Gogo bichi laweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, kwa hiyo anayepanga kuni mbichi ameshapoteza mkaa kabla ya kuwasha. Zianikwe hadi maji yafike asilimia 20 au chini.

Kati ya nyuzi 200 na 300 huvunjika hemiselulosi na kutoa asidi ya siki, ndiyo maana moshi huwasha macho. Karibu 280 magogo yenyewe huanza kutoa joto, basi matundu ya hewa yapunguzwe. Kati ya 300 na 400 selulosi husambaratika kwa kasi, ikitoa gesi na lami, yaani majimaji mazito meusi yanayonata. Lignini huvunjika taratibu sana, na ndiyo huacha mkaa mwingi. Gogo husinyaa, ila mishipa iliyopitisha maji hubaki kama vinyweleo, yaani vitundu vidogo; ukikata mkaa utaviona.

Mkaa ulioishia nyuzi 400 bado una lami: huwaka upesi lakini hufuka moshi. Ukifika 500, kaboni huzidi asilimia 80. Ukipita hapo unapata mkaa safi zaidi lakini mchache.

Moshi mweupe mzito ni mvuke, wa manjano ni lami, wa buluu mwembamba unasema tayari, ziba kila tundu. Udongo ukipasuka bila kuzibwa, hapo utakuta jivu. Upande uliokosa joto utakuta vijinga. Kwa kilo 100 za kuni kavu, tanuri la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Likisimamiwa vizuri hufika 25.

Usifukue likiwa moto. Mkaa wa ndani ukipata hewa hujiwasha tena, hata ndani ya gunia, hivyo ukishaufukua uache wazi siku nzima uone kama utawaka, kabla ya kuupakia garini.