Mafuta hayamo kwenye maharage: dhana potofu kuhusu burito nyepesi za nyumbani

Kuna wanaoiona burito ya maharage, yaani maharage yaliyoviringishwa ndani ya tortila, mkate mwembamba wa Kimeksiko unaofanana na chapati, kuwa chakula chepesi kwa sababu haina nyama, na kuna wanaoikimbia wakidhani ni furushi la mafuta lisilorekebishika. Wote wanayatazama maharage, na mafuta hayapo huko. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa hazifikishi hata gramu 1 ya mafuta. Yanayobaki yote huletwa na mpishi: ndani ya tortila, ndani ya sufuria ya kupondea, ndani ya jibini na krimu. Na kila yanapotiwa yana kazi yake, iwe kulainisha, kubeba harufu ya viungo au kuufanya uji wa maharage uteleze mdomoni. Anayeyapunguza bila kujua kazi hizo huishia na burito kavu inayopasukia mkononi. Vipimo vyote hapa ni vya burito 6 za wastani.

Dhana: Maharage ya burito lazima yakaangwe mara mbili

Kosa limetoka kwenye jina. Kihispania huitwa *frijoles refritos*, na wengi husoma "re-" kama "tena". Kwa Wameksiko kiambishi hicho hutilia neno nguvu: ni maharage yaliyokaangwa sawasawa, si yaliyorudiwa kukaangwa. Huchemshwa mara moja, kisha hupondwa ndani ya mafuta ya moto mara moja, basi.

Kwa desturi mafuta hayo ni ya nguruwe. Kwa hiyo asiyekula nguruwe, au asiyekula kitu chochote cha mnyama, asome lebo ya kopo la maharage yaliyopondwa kabla ya kulinunua. Kukosa vipande vya nyama si uthibitisho wa lolote.

Dhana: Bila mafuta mengi maharage hayawi laini wala hayanogi

Kinacholainisha uji wa maharage ni wanga, na wanga huo uko kwenye maji yaliyochemshia. Ukiyamwaga, umemwaga krimu yako, halafu utalazimika kuifidia kwa mafuta.

Chukua gramu 250 za maharage makavu, ya madoadoa au meusi. Yaloweke usiku kucha, saa 8 hadi 12, katika lita 1.5 ya maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Mwaga maji hayo, suuza, kisha chemsha kwa maji mapya yanayoyafunika kwa sentimita 4 hivi. Yatokote, punguza moto, yaache dakika 60 hadi 90 mpaka harage lipondeke kati ya ulimi na kaakaa bila kuacha chembechembe za unga. Chembechembe zikibaki, hayajaiva, na hakuna kuponda kutakakoyaokoa. Utapata kama gramu 600. Weka kando mililita 300 za maji yake.

Katika sufuria pana, pasha vijiko 2 vya chai vya mafuta ya kupikia. Tia kitunguu maji kimoja kilichokatwakatwa vidogo na chumvi kidogo, funika, pika dakika 8 kwa moto wa wastani. Kikianza kushika chini, nyunyizia vijiko 2 vya maji na ukwangue kwa mwiko. Ile rangi ya kahawia inayoachia ndiyo ladha yenyewe. Ongeza punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, kijiko cha chai cha bizari nyembamba ya unga, nusu kijiko cha giligilani na nusu kijiko cha paprika ya moshi, ile pilipili nyekundu ya unga isiyo kali. Sekunde 30 au 40 zinatosha. Zikizidi, bizari huungua na kuwa chungu. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha nyanya nzito ya kopo, uikaange dakika 2 mpaka wekundu wake ukolee. Sasa mimina maharage na mililita 200 za maji yake.

Ponda theluthi mbili, theluthi moja ibaki nzima. Yakipondwa yote kwenye mashine huwa kama gundi, na burito nzima huwa na umbile moja la kuchosha. Pika dakika 8 hadi 10 ukikoroga. Kipimo ni hiki: buruta mwiko chini ya sufuria, ule mfereji ukae wazi kama sekunde 3 kabla ya kujifunga. Ukijifunga papo hapo, bado ni majimaji. Usipojifunga kabisa, ongeza maji kidogo, kwa sababu maharage yatazidi kukaza yakipoa. Onja chumvi, kamulia nusu ndimu, ondoa motoni.

Dhana: Kama mafuta kidogo ni vizuri, kutotia kabisa ni vizuri zaidi

Hapa ndipo wengi wanapoiharibu. Harufu za bizari, paprika na kitunguu saumu huyeyuka zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Viungo vilivyochemshwa tu kwenye maji huacha ladha ya unga mbichi, na anayekula hujazia kwa jibini. Vile vijiko 2 vya chai, yaani mililita 10, ukivigawa kwa burito 6 ni gramu 1.5 tu kwa kila moja. Mapishi mazito huweza kutia vijiko vikubwa 5 au 6 kwenye sufuria hiyo hiyo, na kila kijiko kikubwa kina zaidi ya gramu 13. Tofauti hiyo ndiyo ya kupigania, si hicho kijiko kidogo cha kukaangia viungo.

Dhana: Chumvi huyafanya maharage kuwa magumu

Sivyo. Sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu na magnesiamu zinazokaza ganda, na ganda hulainika bila kuchanika. Kinachokaza maharage ni vitu vichachu: nyanya, siki, ndimu. Ndiyo maana nyanya na ndimu hazikuingia kwenye maji ya kuchemshia. Maji yenye madini mengi pia huchelewesha. Maharage yaliyokaa ghalani miaka mingi ni tatizo jingine, mengine hayaivi hata uyapike mchana kutwa. Robo kijiko cha chai cha bikaboneti, ile soda nyeupe ya kuumulia keki, husaidia, lakini ukizidisha utaonja sabuni.

Dhana: Maharage mekundu yanaweza kupikwa polepole tangu mwanzo

Hili si la ladha, ni la afya. Maharage mekundu mabichi yana lektini, aina ya protini yenye sumu, iitwayo fitohemaglutinini, inayosababisha kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Moto mdogo hauivunji. Maharage yaliyopashwa bila kufika kwenye mtokoto yanaweza kuwa na sumu kuliko yale mabichi. Vyungu vya umeme vinavyopika kwa saa nyingi mara nyingi havifiki joto linalotakiwa. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha tokosha kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 30. Baada ya hapo yahamishie utakako.

Ya kopo yameshaiva. Makopo 2 ya gramu 400, yakichujwa, hukaribia gramu 500. Yasuuze, maana kusuuza huondoa sehemu kubwa ya chumvi; kwa kuwa wanga nao umekwenda, ponda zaidi kidogo na utumie maji ya kawaida.

Dhana: Tafuta tortila isiyo na mafuta

Burito ni ya kaskazini mwa Meksiko, nchi ya ngano, majimbo kama Sonora na Chihuahua. Tortila za mahindi kwa kawaida hazitiwi mafuta, ila hazina gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, hivyo ukizikunja kwa upana huo zinakatika. Burito hutaka ngano, na ngano hutaka mafuta kidogo: hupaka chembe za unga na kuizuia gluteni isijifunge kupita kiasi. Tortila ya ngano isiyo na mafuta huwa nzuri dakika kumi za kwanza, kisha hugeuka ngozi ya ngoma.

Suluhisho ni kupunguza, na kuweka maji ya moto mahali pa mafuta. Mapishi mengi hutaka gramu 50 za mafuta kwa gramu 250 za unga. Mililita 20 zinatosha. Changanya unga na nusu kijiko cha chai cha chumvi, tia mafuta na uyasugue mpaka yapotee. Mimina mililita 150 za maji ya moto ambayo kidole kinayavumilia, kanda dakika 5, funika, acha dakika 30. Usipunguze muda huo. Donge lisilopumzika hurudi nyuma kila ukilisukuma, nawe utaongeza unga mkavu na kulikausha. Gawa madonge 6 ya gramu 70, sukuma kila moja lifike sentimita 24, unene wa milimita 1.5 hivi. Choma kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, sekunde 40 upande mmoja na 30 wa pili. Moto ukiwa mdogo, tortila hukaa muda mrefu, hukauka na kupasuka. Zipange zikiwa moto ndani ya kitambaa kisafi: mvuke wake ndio unaozilainisha. Kila moja itakuwa na gramu 3.5 hivi za mafuta, wakati tortila kubwa ya dukani ya sentimita 30 huweza kuwa na 7 au 8.

Za dukani, au zako zilizolala, zipashe moto kabla ya kukunja. Wanga uliopoa hukakamaa, na tortila baridi hupasuka kwenye kona hata iwe nzuri namna gani. Sekunde 15 kila upande kwenye kikaango, au zifunge kwa kitambaa chenye unyevu na uziweke kwenye maikrowevu sekunde 20.

Dhana: Tumia jibini ya mafuta machache

Jibini iliyopunguzwa mafuta mara nyingi haiyeyuki vizuri. Protini hushikana na kuwa kama raba. Afadhali jibini halisi, kali, kidogo. Cheddar iliyokomaa ina mafuta karibu gramu 33 kwa kila 100. Gramu 15 zilizokunwa kwa matundu madogo, zikanyunyizwa moja kwa moja juu ya maharage ya moto, huonekana nyingi na huonjwa kila tonge. Kipande kizito katikati hutafunwa mara mbili kimekwisha.

Krimu chachu ni rahisi kuibadilisha: mtindi usio na mafuta, uchujwe kwenye kitambaa saa 2 ndani ya jokofu, utiwe chumvi na ndimu. Uuweke baada ya kupasha, kwa sababu motoni hukatika na kutoa maji.

Parachichi nalo lina mafuta, gramu 15 hivi kwa 100, mengi yakiwa ya aina isiyoganda. Si la kuogopwa, wala si la bure: gramu 30 ni gramu 4.5. Ukilitia, punguza jibini.

Dhana: Burito hulowa kwa sababu maharage ni laini

Mara nyingi mkosaji ni nyanya. Zikate vidogo, ondoa mbegu, zitie chumvi kidogo, ziache kwenye chujio dakika 10, ndipo uchanganye na kitunguu, kotmiri na pilipili. Maji yatakayodondoka yatakushangaza. Wali pia uwe mkavu.

Kingine ni ulafi. Tortila ya sentimita 24 hubeba gramu 150 hadi 170: gramu 100 za maharage, 30 za wali, 15 za jibini, na kijiko kikubwa cha nyanya. Panga mstari wa sentimita 12 kwenye theluthi ya chini. Kunja pande mbili kwanza, leta ncha ya chini juu ya kijazio, ivute nyuma kidogo ili ikaze, ndipo uviringishe.

Ganda kavu halihitaji kuzamisha kwenye mafuta. Laza burito upande wa mshono kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, dakika 2, geuza dakika 1. Mshono hujifunga wenyewe. Ukianzia upande mwingine, hufunguka.

Dhana: Mafuta yakipungua, ni ya kula bila kuhesabu

Kwa vipimo hivi burito moja ina mafuta kama gramu 11. Ile ya tortila kubwa, maharage yaliyoogeshwa mafuta, gramu 60 za jibini na krimu chachu juu, hufika gramu 45 kwa urahisi. Lakini hii nyepesi bado ina kalori kama 440, kwa kuwa ngano, wali na maharage ni wanga. Anayetaka kupunguza hizo pia aanze na wali, aweke pilipili hoho au uyoga uliokaangwa mpaka maji yakauke.

Dhana: Haziwekiki kwenye friza

Zinawekeka miezi 3 ubora ukiwa mzuri, mradi usitie mtindi, parachichi wala nyanya mbichi. Poza kijazio kwanza, hasa wali, usikae nje zaidi ya saa moja au mbili, maana kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemsha. Ukikunja kikiwa moto, mvuke hugeuka barafu na kuilowesha tortila siku ya kuipasha. Funga kila moja peke yake. Kupasha, vua kifungio, izungushie kitambaa chenye unyevu, maikrowevu dakika 2 kwa nguvu ya nusu, geuza, dakika 2 tena, hadi katikati kufikie nyuzi 74, kisha ikaushe kwenye kikaango, mshono chini.