Ethilini, Gesi Inayoivisha Ndizi

Anayevundika ndizi kwa kuzifukia shimoni na kuzipulizia moshi anatumia kemia ya alkeni, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Moshi wa moto usiopata hewa ya kutosha huwa na ethilini, alkeni ndogo kuliko zote: kaboni 2, haidrojeni 4. Ndizi zenyewe huitoa zinapoanza kuiva, na majani yaliyozifunika huizuia isitawanyike.

Alkeni ni haidrokaboni, yaani kemikali za kaboni na haidrojeni tu, zisizoshiba. Katika butani ya mtungi wa kupikia, ambayo ni alkani, kila kaboni imeshika atomi nne na haina nafasi ya kupokea nyingine. Katika ethilini, kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu. Sehemu ya kwanza ya kifungo hicho ni imara. Ya pili ni dhaifu zaidi, kwa kuwa elektroni zake zimetanda nje ya mstari unaounganisha atomi, na kemikali nyingine huzifikia kwa urahisi. Ikifunguka, kila kaboni hupata nafasi ya kushika kitu kipya. Ndiyo maana ethilini ikipita katika maji ya bromini, rangi ya chungwa ya maji hayo hupotea. Ikiungana na mvuke wa maji hutupatia ethanoli. Molekuli zake zikiungana kwa maelfu huwa polithini ya ndoo na madumu.

Hata ndani ya tunda, kazi inafanywa na elektroni hizohizo. Mwaka 1901, mwanasayansi Dimitry Neljubow wa Urusi alionyesha kuwa ethilini iliyokuwamo katika gesi ya taa ndiyo iliyoharibu ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934, mwanasayansi Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kuwa matunda huitengeneza yenyewe. Seli za mmea zina protini zenye shaba, na ethilini hujishikiza kwenye shaba hiyo kwa elektroni hizo. Hapo wanga huanza kugeuka sukari, ganda hupoteza ukijani na nyama hulainika.

Linalonisikitisha ni kabaidi, kemikali ya kalsiamu na kaboni, inayotumika kuivisha matunda ya kuuza. Ikipata unyevu hutoa asetilini, gesi ya kuchomelea vyuma, ambayo si alkeni bali ni alkaini: ina kifungo cha mara tatu. Huiga kazi ya ethilini, lakini kwa nguvu ndogo mno, kwa hiyo hutakiwa nyingi, na ni gesi inayolipuka. Kabaidi ya viwandani pia huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, yanayozaa gesi zenye sumu. Mnunuzi naye huishia na embe la njano nje, gumu na lisilo na ladha ndani.

Vyumba vya kisasa vya kuivishia ndizi hutumia ethilini sehemu 100 hadi 150 tu katika milioni ya hewa, kwenye joto la nyuzi 15 hadi 18 hivi. Kiasi hicho kiko mbali sana na asilimia 2.7, ambapo gesi hii huanza kuweza kuwaka. Nyumbani, pasheni zilizoiva zinatosha, maana hutoa ethilini nyingi kuliko matunda mengi. Ziweke pamoja na ndizi au maparachichi yaliyokomaa ndani ya mfuko wa karatasi, na ufungue kila siku hewa iingie. Usihangaike kufanya hivyo kwa nanasi au chungwa. Hayo yakishachumwa hayaongezeki utamu.