Je, wajua? Nchini Kenya wosia wa mdomo huchacha baada ya miezi mitatu

Babu aliwaita wanawe wa kiume chini ya mwembe, akazunguka nao shamba zima, na kila walipofika kwenye mstari wa mkonge alinyoosha fimbo: huku kwa mkubwa, kule kwa wa pili, bondeni kwa kitinda mimba. Wazee wawili wa jirani walikuwapo. Baada ya siku hiyo babu aliishi miaka sita. Alipozikwa na kikao cha ukoo kikaanza, nilisimama, kijana aliyemaliza shule juzi, nikawaeleza baba zangu wakubwa na wadogo kwamba maneno yale hayakuwa wosia, kwa kuwa hayakuandikwa na wakili wala hayakupigwa muhuri.

Wosia ule haukufaa kitu, hilo nilipatia. Sababu ndiyo niliyoikosea kabisa, na nimeishi na kosa hilo kwa miaka mingi kabla ya kuisoma sheria yenyewe.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema wazi katika kifungu cha 8 kwamba wosia waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Wakili hatajwi kuwa sharti. Muhuri hautajwi. Hata karatasi si lazima. Mtu mzima mwenye akili timamu akitamka mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaofaa kuwa mashahidi, ametoa wosia. Maneno ya babu chini ya mwembe, siku alipoyasema, yalikuwa wosia halali. Mimi niliyejiona msomi niliwadharau wazee wawili ambao sheria ingewasikiliza.

Kosa hili ni la wengi, nadhani kwa sababu neno “wosia” siku hizi linatuletea picha ya bahasha. Lakini kusahihisha kosa kunaweza kuzaa kosa la pili: ukishajua kuwa wosia wa mdomo ni halali, unadhani ni halali milele. Hapo ndipo kifungu cha 9 kinapotoa jambo la ajabu kidogo. Wosia wa mdomo unasimama tu ikiwa mtoaji atafariki ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyoutamka. Akifariki siku ya themanini, upo. Akifariki baada ya miezi minne, haupo. Haufutwi na mtu yeyote. Unachacha wenyewe kama maziwa kwenye kibuyu.

Kifungu hakielezi sababu, kwa hiyo ninayosema hapa ni tafsiri yangu. Mfikirie mtoto anayetumwa dukani bila karatasi: nusu kilo ya sukari, mafuta ya kupimiwa, kibiriti. Duka likiwa mlango wa pili, atafika na maneno yote. Likiwa ng'ambo ya kijiji, na njiani kuna wenzake wanaocheza mpira, atafika na sukari robo na kibiriti kimesahaulika. Mtoto hakukusudia kudanganya. Maneno yasiyoandikwa hupungua uzito kadiri yanavyobebwa, na shahidi wa wosia ni mtoto huyo huyo, ila ana mvi.

Sasa tuma watoto wawili. Wakifika, mmoja anasema nusu, mwingine robo. Mwenye duka afanye nini? Kifungu cha 10 kinajibu: ushahidi ukigongana kuhusu kilichosemwa, wosia wa mdomo hausimami, isipokuwa kwa kadiri utakavyothibitishwa na shahidi huru. Yaani pawe na mtu aliyesikia na asiyetarajia kupata hata gunia moja la mahindi.

Kuna nusu ya pili ya mfano huu, nayo naiona ndiyo kiini. Kwa nini ulimtuma mtoto bila karatasi? Kwa sababu moto ulikuwa jikoni na kalamu haikuonekana. Lakini kama umekaa wiki kumi na tatu, moto umezimika na kalamu ipo mezani, mbona bado hujaandika? Sheria inauchukulia wosia wa mdomo kama kitu cha dharura. Aliyepona na kurudi shambani anahesabiwa kuwa alipata nafasi ya kuandika. Ndiyo maana mwanajeshi au baharia wa meli za biashara aliye kazini amepewa nafuu: akifia katika kipindi hicho hicho cha utumishi, wosia wake wa mdomo haupotei hata miezi mitatu ikipita, kwa kuwa dharura yake haijaisha.

Hofu hii ya maneno matupu ina historia. Mwaka 1676, Uingereza, mahakama ilisikiliza kesi ya mzee mmoja aitwaye Cole aliyeoa msichana uzeeni. Alikuwa ameacha wosia wa maandishi uliotoa pauni 3,000 kwa sadaka. Mjane akaleta mashahidi tisa walioapa kwamba mzee, akiwa katika kukata roho, alitamka wosia mwingine wa kumpa yeye kila kitu. Ikagundulika kuwa wengi wao waliapa uongo kwa kushawishiwa. Mwaka uliofuata Bunge la huko lilipitisha sheria iliyoubana wosia wa mdomo kwa masharti mazito. Kesi hiyo husimuliwa kama chanzo chake, ingawa matayarisho ya sheria yalikuwa yameanza kabla, kwa hiyo huenda ilichochea tu moto uliokuwa ukiwaka. Mashahidi tisa, hata hivyo, ni wengi. Hata mahari hazihudhuriwi na watu wote hao kwa hiari.

Kivuli cha Cole kimefika Nairobi. Kenya, wosia wa mdomo unaopingana na wa maandishi ambao haujafutwa hauna nguvu, hata ukitamkwa baadaye.

Kwa jirani zetu Tanzania, mizani ni nyingine. Sheria za Wosia za kimila, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, hazitegemei saa bali idadi: wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, ni wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Naupenda mpango huu wa kuchanganya damu na ujirani, maana ndugu anajua mambo ya nyumba na mtu baki hana fungu.

Muislamu naye ana njia yake. Kenya, Sura ya 160 inaiachia sheria ya Kiislamu mirathi yake, kwa hiyo hesabu ya miezi mitatu haimhusu. Kinachombana ni kiasi: baada ya mazishi na madeni, wosia usizidi thuluthi, na usimpe mrithi ambaye tayari ana fungu lake, mpaka warithi wengine waridhie.

Basi uchague upi? Kama una kalamu na asubuhi moja, andika. Kenya, tia sahihi mbele ya mashahidi wawili, nao watie zao mbele yako. Usimfanye shahidi mtu unayempa kitu, wala mume au mke wake, kwani zawadi hiyo hubatilika pasipokuwa na mashahidi wengine wawili huru. Ukioa au kuolewa baadaye, andika upya, kwa maana ndoa huufuta wosia wa zamani, isipokuwa uliandikwa kwa kuitaja ndoa hiyo. Na usidhani utamnyima kila kitu unayemtunza. Mahakama inaweza kumtengea tegemezi riziki yake. Wosia wa mdomo ubakie wa wodini, kalamu isipopatikana. Ukipona, tafuta karatasi kabla ya mwezi wa tatu.

Turudi kwenye mkonge. Warithi wote wangekubaliana, hakuna ambacho kingewazuia kufuata fimbo ya babu. Hawakukubaliana. Bibi alikuwa ametangulia, na kwa kuwa wosia ulikuwa umechacha, mali iligawanywa kana kwamba mzee hakusema neno: sawasawa kwa watoto wake wote. Wote, si wale walioitwa chini ya mwembe peke yao. Shangazi yangu, ambaye siku ile alikuwa jikoni akiwapikia chai, alipata bonde. Amepanda pojo.