Postgres haiji na paswedi, usiitafute

Kuna imani ya miaka mingi kwamba ukiweka PostgreSQL (Postgres kwa kifupi, programu ya database) kwenye Ubuntu au Debian inakuja na paswedi yake, basi watu wanajaribu "postgres", wanajaribu "admin", wanajaribu ya root, zote zinagoma, mwisho wanafuta kila kitu na kuanza upya. Jamani msifute. Hiyo paswedi haipo kabisa.

Iko hivi, ukiingia kutoka mashine hiyohiyo kwa njia ya soketi (mlango wa ndani ya mashine, haupiti kwenye mtandao), seva ya Postgres inaiuliza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huyu anayegonga hodi ni yuza gani, jina likifanana na la yuza wa ndani ya database unapita. Ndo maana psql -U postgres (psql ni programu ya kuandikia amri za Postgres) ukiwa kwenye akaunti yako inakurudishia "Peer authentication failed", ila sudo -u postgres psql, inayoiendesha kama yuza wa Linux anayeitwa postgres, inafungua hapohapo (ikiuliza paswedi, hiyo ni ya sudo, yako mwenyewe). Ukishaingia andika \password postgres uweke unayotaka, utaihitaji ukipitia -h localhost, yaani ukiingia kwa njia ya mtandao hata kama ni mashine hiyohiyo.

Sheria zenyewe za nani anaingia vipi ziko kwenye faili la pg_hba.conf, linasomwa kutoka juu na mstari wa kwanza unaolingana ndo unaamua. Wengine wanaandika trust humo (yaani aingie yeyote bila paswedi) ili yaishe, tafadhali usifanye hivyo, hapo mlango umeuacha wazi.