Namba ya chesisi ya Corvette ya 1967 haionyeshi injini

Wengi bado wanaamini kwamba namba ya chesisi ya Corvette ya 1967, gari la michezo la Chevrolet, inaonyesha gari lilitoka kiwandani na injini ipi. Haionyeshi. Kwenye 194377S, 1 ni Chevrolet, 94 ni Corvette, 37 ni gari la kupe, yaani la paa lisilokunjwa (67 ni la paa la kukunja), 7 ni mwaka, S ni kiwanda cha St. Louis. Tarakimu sita zinazofuata ni za mfululizo tu. Alama ya injini iliingizwa kwenye namba hiyo mwaka 1972.

Injini inajieleza yenyewe. Futa grisi kwenye sehemu bapa ya bloku, mbele ya silinda hedi ya kulia. Kwa mfano, T0315JE iliyogongwa hapo maana yake iliundwa kiwanda cha injini cha Tonawanda, Machi 15, na JE ni injini ya 427 (ujazo wa inchi za mchemraba 427) ya nguvu farasi 435. Pembeni yake ziwepo 7 na tarakimu sita za mwisho za chesisi.

Hapo ndipo wanunuzi wanapigwa, maana namba hugongwa upya. Uso wa kiwandani una mistari myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiukuta laini, bloku imeshachongwa. Soma pia tarehe ya kusubu bloku: lazima itangulie ya kuunda injini, nayo itangulie ya gari.

Ushahidi mzuri kuliko yote ni karatasi ya oda iliyogundishwa juu ya tangi la mafuta. Teremsha tangi taratibu, piga picha kabla ya kuigusa, kwani huoza na kubomoka. Karatasi nyeupe safi kwenye tangi lenye kutu itilie shaka: nakala zinauzwa.