Kuchambua Kazi ya Msanii Mwingine Hakuui Ubunifu Wako

Kila kundi jipya ninalolifundisha kuchora huja na sentensi ileile. Naweka kazi moja mezani, naomba tuichambue kabla ya kushika penseli, na sijafika mbali mtu ananiambia: "Mwalimu, mimi sitaki kuiga. Nataka kitu changu mwenyewe." Anasema kwa nia njema, na wenzake wanaitikia kwa vichwa. Nimeshaisikia mara nyingi mno kuiacha ipite tena, kwa hiyo hili nitalijibu kwa kirefu, na dhana nyingine potofu ninazozisikia darasani nitazipitia haraka.

"Nikichambua kazi ya mtu, mchoro wangu hautakuwa wangu"

Hii ndiyo dhana inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu huwashika hasa wenye kipaji. Tazama kinachompata anayekataa kuchambua. Anafungua ukurasa mtupu, anasubiri wazo limjie, na linalomjia ni jicho moja lenye chozi, ua waridi, kichwa cha simba, au uso wa mwanamke ambaye nywele zake zimegeuka matawi. Si kwamba hana ubunifu. Kichwani mwake mmejaa picha alizoziona bila kuzichunguza, na mkono huokota iliyo karibu. Anayeogopa kuiga ndiye anayeiga zaidi, tena bila kujua anamwiga nani.

Kuchambua kanuni za usanifu, yaani za kuipanga picha, ni kuuliza sehemu za picha zimehusianishwa vipi. Kipi kimefanywa kikubwa ili kingine kionekane kidogo? Giza limerundikwa wapi? Umbo gani linarudiwa, na linabadilika wapi? Macho yanatua wapi kwanza? Majibu ya maswali hayo si mali ya mtu. Sura ya wimbi alilochora msanii ni yake. Uamuzi wa kukiinamisha kitu kikubwa juu ya kitu kidogo hauna mwenyewe.

Nichukue mfano wenyewe. *Wimbi Kubwa la Kanagawa* la msanii wa Kijapani Hokusai ni chapa ya ubao, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, ya mnamo 1831, ndogo kuliko wengi wanavyodhani: takriban sentimita 26 kwa 38. Ukimwuliza mtu ameona nini, atakujibu wimbi na rangi ya buluu, kisha atafunua ukurasa mwingine. Kaa nayo dakika kumi. Mlima Fuji, mrefu kuliko yote nchini Japani, umewekwa mdogo kabisa, chini kidogo ya katikati, ndani ya bonde la maji. Wimbi la kushoto limeinama kuuelekea. Sasa shuka mbele, karibu na mtazamaji: kuna wimbi dogo lenye ncha, limechongoka na kuwa jeupe juu, na umbo lake ni la mlima uleule. Matone ya povu yametawanyika juu ya Fuji kama theluji inayoshuka. Mashua tatu zimepindishwa kufuata mikunjo ya maji, na wapiga makasia wameinamia ndani yake kwa safu, vichwa vikirudiarudia mdundo mmoja. Upande wa kulia juu ni anga tu, na utupu huo ndio unaoufanya uzito wa kushoto uvumilike.

Sasa yaandike hayo kwa sentensi moja isiyotaja maji wala mlima: *kitu kikubwa kinachosogea kimeinamia kitu kidogo kilichotulia, na umbo la kile kidogo limerudiwa karibu na mtazamaji*. Kisha ifunike picha. Narudia: ifunike. Huu ndio ushauri ninaoung'ang'ania kuliko wote, na ndio unaopuuzwa kuliko wote. Chora kutokana na sentensi, usichore huku unaitazama kazi. Ukiendelea kuitazama, mkono utarudi kwenye wimbi.

Mwanafunzi mmoja alitoka na sentensi hiyo akachora pazia lililojaa upepo, limevimba na kuinama juu ya meza. Chini yake kuna kikombe kidogo kilichofunikwa. Karibu kabisa na ukingo wa chini wa karatasi, kona ya kitambaa cha meza imejikunja ikachukua umbo la kikombe hicho, pana chini, jembamba juu. Yote kwa penseli laini, bila hata alama ya buluu. Ukiweka karatasi hizo mbili pamoja utaona undugu. Ukikuta ya kwake peke yake, hutamfikiria Hokusai hata kidogo.

Na kwa anayedhani hii ni njia ya wanaoanza tu, amtazame mchoraji wa Uholanzi, Van Gogh. Mwaka 1887, akiwa Paris, alinakili kwa rangi za mafuta chapa za Hiroshige, msanii mwingine wa Kijapani, mojawapo ikiwa ya bustani ya miplamu iliyochapwa 1857. Katika chapa hiyo shina la mti limeletwa mbele kabisa, likakatwa na kingo za picha, na watu wakaonekana wadogo huko nyuma. Mwishoni mwa 1888, akiwa Arles, akachora *Mpanzi*: shina jeusi limekata picha kwa mshazari, mpanzi yuko kando yake, na jua kubwa la manjano liko nyuma ya kichwa chake. Wazo la shina lilitoka kwa Hiroshige, mpanzi mwenyewe alitoka kwa mchoraji wa Ufaransa, Millet, na hakuna mtu mwenye macho atakayesema picha hiyo si ya Van Gogh. Yeye alinakili kwanza, kisha akachukua uhusiano na kuacha vitu. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wafanye hiyo hatua ya pili tu.

"Nimeshachambua: kuna mistari, kuna rangi, kuna maumbo"

Hapo umehesabu vifaa. Mstari, umbo, rangi, toni (kiwango cha mwanga na giza), nafasi ni malighafi. Kanuni ni kile kinachofanywa kwa malighafi hiyo: mizani, mkazo, mdundo, uwiano, utofauti, umoja. Uchambuzi usio na kitenzi haukupi mchoro. "Kuna mistari" hakuna cha kukufanyia. "Mistari inabanana kadiri inavyokaribia uso, kisha inaachana" tayari ni agizo ambalo mkono unaweza kulitii, iwe unachora uso, mti au rundo la viti.

Anayekwama hapa nampa zoezi moja. Chora kiboksi chenye ukubwa wa kiberiti, chukua kalamu nene, na uigawe kazi yote katika toni tatu tu: nyeusi, kijivu, nyeupe. Kwenye nafasi hiyo huwezi kuchora macho wala majani, kwa hiyo kinachobaki ni mpango wa mwanga na giza. Wengi hugundua hapo kwamba giza walilodhani limetapakaa ni bonge moja lililounganika. Ukishauona mpango huo, chora viboksi vingine vitano vya kwako, kila kimoja na jambo tofauti, kabla ya kuchagua kipi kikuzwe. Kiboksi cha kwanza ni mara chache sana kiwe ndicho bora.

"Mizani maana yake pande mbili zifanane"

Hapana. Pande kufanana ni njia mojawapo tu, na ndiyo rahisi zaidi. Mwaka 1871 mchoraji Whistler alimchora mama yake akiwa ameketi ubavu, amesogezwa kulia. Kushoto kuna pazia jeusi linaloshuka karibu na ukingo, na kati yao fremu ndogo ukutani. Hakuna kinacholingana na kingine, na picha haijaegemea popote. Aliipa kazi hiyo jina la mpangilio wa kijivu na cheusi, kwa hiyo alikwambia mwenyewe utazame nini. Pima uzito wa toni, ukubwa, na umbali kutoka katikati. Usipime kwa kukunja karatasi mara mbili.

"Kila kazi kubwa imejengwa juu ya uwiano wa dhahabu"

Uwiano wa dhahabu ni wa takriban 1 kwa 1.618, na huchorwa kama mzingo wa konokono. Nimechoka kuletewa picha zilizowekewa mzingo huo juu yake. Ukiuzungusha, ukaukuza na kuugeuza utakavyo, mzingo huo utagusa kitu muhimu katika picha yoyote ile, hata iliyopigwa kwa bahati mbaya. Kama hujui msanii aliutumia, hujachambua, umebandika. Kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa picha mara tatu na kuweka jambo kuu kwenye mistari ya mgawanyo, nayo isichukuliwe kama sheria iliyoshuka kutoka mbinguni. John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia picha za mandhari, na ni kianzio kizuri kwa anayeweka kila kitu katikati. Zaidi ya hapo, anza na kile kilichomo kwenye kazi, halafu ndipo utafute kanuni inayokieleza.

"Jicho huingia kushoto na kufuata mistari hadi mwisho"

Wanafunzi huchora mishale juu ya picha kana kwamba macho ni gari kwenye barabara. Macho yetu huruka, hutua, huruka tena, na nyuso za watu huyavuta mno. Mtafiti Alfred Yarbus alilionyesha hili vizuri. Aliwaonyesha watu mchoro wa msanii Repin, ule wa mtu anayerudi nyumbani bila kutarajiwa, akarekodi mwendo wa macho yao huku akibadilisha swali. Alipouliza kuhusu umri wa watu, macho yalienda kwenye nyuso. Alipouliza kuhusu hali ya kifedha ya familia, yalitawanyika kwenye nguo na vyombo. Picha ni ileile, njia ni tofauti.

Mistari bado ina kazi: hubana, hutenga, huunganisha. Ila kwa anayechambua, jambo kubwa ni kwamba swali ndilo linaloamua utaona nini. Usiikabili kazi kwa kutaka kuona kanuni zote kwa mkupuo. Leo tafuta mdundo peke yake: nini kinarudi, kwa nafasi gani, kinavunjika wapi. Andika sentensi yako, funika, chora viboksi vyako. Kesho rudi kwenye kazi ileile ukitafuta utofauti tu, na utatoka na michoro isiyofanana kabisa na ya jana.